Mama Baridi

1

Taa ya juu ya kitanda cha dirishani ilikuwa ya kijani, na mtoto aliyekuwa chini yake alikuwa anapigania pumzi.

Nilianza na mtoto. Wanafunzi wa uuguzi wanaoletwa kwangu huingia wodini macho juu, wanasoma taa kabla hata ya kusalimia, na mimi huwashika kidevu nikawainamisha. Mtazame mtoto. Taa ikizimika hakuna atakayekaa matanga.

Nilimfungua shati akiwa bado amepakatwa, kisha nikaondoa mikono. Mtoto mdogo ukimchokoza analia, na akilia hesabu yako imeharibika. Kila alipovuta hewa, nyama ya chini ya mbavu ilibonyea ndani. Matundu ya pua yalitanuka. Mwisho wa kila pumzi alitoa mlio mfupi wa kuguna, ule ambao wageni wa kazi hudhani ni usingizi mtamu. Nilihesabu dakika nzima kwa saa yangu nikapata pumzi sabini na mbili. Nyayo zilikuwa baridi. Nilipomgusisha kidole mdomoni hakunyonya, aligeuza uso tu kama mtu anayesumbuliwa.

Mtoto wa miezi mitatu mwenye dalili hizo ana nimonia kali na anahitaji oksijeni mara moja. Hilo nililijua kabla hawajabuni hiyo taa. Lakini taa ndiyo iliyoshika ufunguo wa oksijeni, na taa ilisema hajambo.

Aliyempakata alikuwa ajuza mrefu mwenye shingo ya ukaidi, aliyejitambulisha kama Syokau. Kwetu Ukambani bibi yeyote ni Susu, wako au wa jirani, kwa hiyo nilimwita Susu Syokau. Chini ya mfupa wa bega lake ulikuwa umebandikwa ukanda wa Mwenza, mtambo unaowasha hizo taa, mwembamba kama ganda la kitunguu, na mwenzake ulikuwa kifuani mwa mtoto.

Sitaisingizia Mwenza. Mtoto akiwa tumboni, chembe zake huvuka zikaingia kwenye damu ya mama, na zingine hukaa humo miaka mingi. Mwili wa mama humsikia mtoto kabla ya mama mwenyewe kujua: moyo hubadilisha mwendo, jasho hubadilika, maziwa hushuka. Mwenza husoma miili miwili kwa pamoja ikapima hali ya mtoto, na mwili wa mkubwa ndio inaouamini zaidi. Nimeiona ikiwaka nyekundu kwa mtoto anayecheka, tukamwekea dripu huku tukinung'unika, na jioni mtoto yuleyule akaanza degedege. Wapo watoto wanaokwenda shule leo kwa sababu yake. Tena miaka ile ya uhaba, oksijeni ilipokuwa inakwenda kwa mwenye mjomba mkubwa, ndipo kaunti ilipoipa Mwenza ufunguo. Nyekundu, vali ya oksijeni inafunguka. Kijani, imefungwa, hata mtoto awe wa gavana. Siku hiyo tulipiga makofi wodi nzima.

Mtoto asiye na mama, ukanda huvaliwa na mlezi wake, na Mwenza husoma inachoweza.

Nilimuuliza Susu mtoto alipatikanaje. Alisema alimwokota asubuhi moja akiwa mchanga, njiani, nje ya lango la watu, akamwita Mbiti. Alisema hivyo akitazama ukuta.

Mbiti ni fisi. Hakuna Mkamba asiyejua habari hiyo. Mwanamke akiwa amezika watoto, anayefuata hulazwa njiani, bibi mmoja akapita akamwokota, akapaza sauti kwamba ameokota mtoto wa fisi. Kifo kikija kuuliza, kinaambiwa hapa hakuna mtoto wa mtu, kinapita. Mjomba wangu mwenyewe anaitwa Mbiti na alikufa mzee. Ila nilidhani mila hiyo imebaki kwenye majina tu.

Basi mama yupo, nikawaza, tena hayuko mbali.

Nikageuka. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke kijana niliyeambiwa ni msichana wa kumsaidia Susu kubeba mizigo. Mbiti aliguna, na kwenye blauzi ya yule msichana yakachomoza madoa mawili ya maziwa. Alijifunika na leso upesi, lakini nilikuwa nimeshaona.

2

Kwanza nilifanya yasiyohitaji ruhusa ya mtu. Nilimwinua kichwa kidogo, nikamsafisha pua kwa mpira wa kunyonyea kamasi, nikamfunika miguu. Nilimpigia Daktari Wavinya, ambaye hutibu hospitali nne kupitia kioo cha simu, akamtazama Mbiti akaguna hata yeye. Aliagiza antibiotiki ya sindano, nikamchoma. Alikubaliana nami kuhusu oksijeni, kisha akaniambia nilichokuwa nakijua, kwamba hata yeye hana ufunguo.

Nikapigia meza ya Mwenza kule kaunti. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana. Aliniambia taa ni ya kijani, na kwamba hisia za muuguzi si kipimo. Nilimwambia pumzi sabini na mbili si hisia. Akaniuliza kama nimejaribu kuutoa ukanda na kuubandika upya.

Nilikata simu nikamgeukia Susu. Nilimuuliza anatumia dawa gani, akatoa kwenye mfuko wa sketi pakiti ya vidonge vya presha. Nilivijua. Ni vile vinavyotuliza moyo usikimbie, hata mwenye moyo akimbizwe na nyoka. Bibi wa watu alikuwa anatetemeka mikono kwa hofu juu ya mtoto, na moyo wake ulikuwa unatembea kama anatoka kanisani. Mwenza ilikuwa inasoma utulivu wa kidonge.

Nilimshika yule msichana mkono nikampeleka chumba cha kufulia, nikafunga mlango. Anaitwa Kalekye. Sikumzungusha. Nilimwambia mtoto wake ana saa chache, na kwamba nikimvalisha yeye ukanda huenda taa ikawaka nyekundu na vali ikafunguka.

Hakukana. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akanieleza. Mtoto wake wa kwanza, Mutheu, alifariki kwa homa. Wa pili, Kioko, aliugua akiwa bado hajatambaa, akavalishwa ukanda pamoja naye kwenye hospitali nyingine, na taa ikabaki kijani mpaka mwisho. Baada ya mazishi walimwita ofisini. Wakamwambia mtambo hauna kosa, mwili wake ndio haumsikii mtoto. Wakamwandika mama baridi.

Sheria ya mama baridi naijua vizuri, imebandikwa ukutani kwangu. Watoto wa wanawake hao walionekana kufa zaidi kuliko wengine, kwa hiyo ikaamuliwa mtoto anayefuata ahamishiwe Nyumba ya Malezi hadi atimize miaka mitano. Huko wana maziwa, walezi na vitanda safi. Mama huruhusiwa kuja kumtazama.

"Siku ya kumzika Mutheu nililia mpaka sauti ikakauka," Kalekye alisema. "Kioko alipougua, sista, hakuna kitu kilikuwa kimebaki ndani yangu cha kutetemeka. Nilikaa tu namshika. Mashine ikasoma hivyo, ikasema simpendi."

Nilimuuliza ni nani aliyewafundisha kumwandikisha Mbiti kama mtoto wa kuokotwa. Alisema hakufundishwa. Kule kwao wanawake kadhaa wamefanya hivyo. Bibi zao walikuwa wanamficha mtoto asionwe na kifo, wao wanamficha asionwe na kaunti.

Nikamwambia tena kuhusu ukanda. Alininyooshea mkono ninyamaze, naye si mtu wa kumnyamazisha mkubwa wake.

"Ukinivalisha na taa ikawaka, watajua mimi ni nani, watamchukua. Ukinivalisha na isiwake, atakufa, na watasema ni mimi tena. Sasa niambie, hapo mtoto wangu yuko wapi?"

Kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alikuwa amesema mtoto wangu. Tangu kumzaa hakuwa amelitamka neno hilo, maana mama akilitamka ndiyo kumwonyesha kifo mlango. Alinitazama kana kwamba nimemwibia kitu.

Nilikuwa na haki ya kumvalisha kwa nguvu. Kanuni inasema muuguzi wa zamu anayemjua mama halisi atamvalisha. Nilisimama pale kati ya mashuka machafu nikijua kwamba nikitii nitamwokoa mtoto na kumpokonya mama, na nikikaa kimya nitamlinda mama na kumuua mtoto. Nilipata hasira. Haikuwa ya kupandisha sauti. Nilisikia moyo wangu ukigonga masikioni, na hapo ndipo nilipopata wazo.

3

Mtoto wa kuokotwa anaweza kubadilishiwa mlezi. Bibi akienda kuoga au kununua chai, muuguzi wa zamu huuvaa ukanda kwa niaba yake, na mtambo humpokea bila maswali. Hakuna aliyewahi kuandika muuguzi huyo awe katika hali gani.

Niliutoa kwa Susu nikajibandika mwenyewe.

Taa ilififia, ikanitafuta. Nilimwaza yule kijana wa adabu. Nikawaza Kioko akifa chini ya taa ya kijani na wakubwa wakamlaumu aliyempakata. Nikawaza mama zetu wote walioketi kwenye benchi la ofisi ile wakiambiwa vifua vyao havina kitu. Taa ikawa njano, ikasita. Mbiti akaguna, na safari hii alichelewa kuvuta pumzi iliyofuata.

Ikawaka nyekundu. Vali ikapumua ukutani.

Nilimwekea mrija puani, kiasi kidogo kinachomtosha mtoto wa umri wake, nikatazama kipimo cha tangi nikahakikisha kitanda cha pili hakipungukiwi. Sikusogea. Ngozi ya kuzunguka mdomo ilikuwa kama majivu, halafu taratibu rangi ikarudi. Kalekye alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa kitanda. Hakumgusa mtoto, ila alikuwa ameshika ukingo wa godoro.

Sasa sikiliza tatizo langu. Mtu hawezi kukasirika mchana kutwa. Mtoto alipoanza kupata nafuu nami nikapata nafuu, moyo ukatulia, taa ikarudi njano na vali ikaanza kujifunga. Nilijaribu kuruka papo hapo, lakini Mwenza si mjinga, inajua jasho la mazoezi. Ilitaka mwili unaohangaika kweli.

Susu Syokau ndiye aliyeelewa kabla sijamaliza kueleza. Aliniuliza ukoo wangu, nikamtajia. Akasema alishangaa tangu asubuhi harufu hii inatoka wapi. Alisema watu wa ukoo wangu walivuka mto wakifuata mbuzi wa wenyewe na hawajarudi kueleza. Alisema chai niliyompa ilikuwa maji ya kuoshea vikombe, na kwamba muuguzi mwenye miguu kama yangu alifaa kukanyaga udongo wa matofali. Bibi ana ruhusa ya kumtania mjukuu apendavyo, lakini huyu hakuwa anatania, alikuwa anafanya kazi, na aliifanya kwa ustadi. Alipofika kwa marehemu mama yangu na mapishi yake, taa iliwaka nyekundu mpaka wodi ikang'aa.

Tuliendelea hivyo hadi alasiri. Yeye alinitukana, mimi nilikamua maziwa ya Kalekye kwenye kikombe nikampa Mbiti kidogo kidogo kwa mrija wa kupeleka chakula tumboni, maana mtoto anayepumua kasi hivyo akinyonyeshwa anaweza kupaliwa. Wanawake wa vitanda vingine waliacha kujifanya hawasikii. Mmoja aliniletea kiti. Mwingine, mama wa mapacha, alimnong'oneza Susu jambo kunihusu ambalo Susu alilitumia mara moja, nalo lilikuwa kweli.

Jua lilipogeuka, pumzi zilikuwa zimeshuka na mbavu zimeacha kubonyea. Mbiti alifungua macho akalia kwa sauti. Kalekye akalia naye. Sijui kama kuna mtambo ungeweza kumwita baridi wakati ule, lakini hakuna aliyemvalisha kitu.

4

Afisa wa Mwenza alikuja kesho yake kabla ya saa sita, peke yake, bila dereva. Anaitwa Makau, mtu mpole mwenye mvi, tena nilimheshimu kwa sababu alivua kofia na kunawa mikono kabla ya kukaribia kitanda. Mbiti alikuwa ameshatolewa mrija wa pua na amelala mapajani mwa Susu. Makau alimtazama kifua kwa muda mrefu, kisha akamtazama Kalekye na madoa ya blauzi yake.

Aliomba tuzungumze kando. Alikuwa ameona mwenendo wa taa yetu, ikipanda na kushuka kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na mlezi wake ni muuguzi wa zamu. Aliniuliza nilifanyaje, nikamweleza yote bila kupunguza, kuanzia vidonge vya presha mpaka mbuzi wa ukoo wangu. Hakucheka. Akanipa shauri lake.

Tuseme ukanda ulikuwa mbovu. Susu atabadilishiwa dawa, mtoto atarudi nyumbani kama mtoto wa kuokotwa, na hakuna atakayeuliza ni nani anayemnyonyesha. Leseni yangu haitaguswa. Na mimi sitasema kwa mtu yeyote kwamba hasira ilifungua vali.

"Wakijua kwamba inadanganyika, sista, wataacha kuiamini," alisema. "Wakiacha kuiamini, oksijeni itarudi kwa wenye wajomba. Wewe ulikuwepo. Unakumbuka tulizika wangapi?"

Nakumbuka. Ndiyo maana sikumjibu kwa haraka, na ndiyo maana nataka ijulikane kwamba huyu hakuwa mtu mbaya. Nilitaka kukubali. Mtoto alikuwa mzima, mama yake alikuwa hatua chache kutoka kwake, na kilichotakiwa ni ulimi wangu tu.

Lakini nilimuuliza Nyumba za Malezi zina watoto wangapi waliochukuliwa kwa mama baridi. Akasema ni wengi. Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kuchunguza mama hao walikuwa na nini siku waliyopimwa, msiba, dawa, uchovu, au hasira. Akasema hakuna aliyechunguza.

"Mimi jana niliivalisha hasira yangu ikasema ni mapenzi ya mama," nilimwambia. "Na mama wa mtoto huyu mliivalisha msiba wake ikasema hana mapenzi. Hilo nalo tuseme ni ukanda mbovu?"

Makau alisema kwa upole kwamba niamue. Hapo nikaona kosa letu sote wawili. Tulikuwa tumesimama dirishani tunagawana mtoto wa mtu.

Nikamwita Kalekye. Nilimweleza shauri la afisa neno kwa neno, na afisa mwenyewe akisikia. Nilimwambia akikubali anaondoka na mtoto, na mimi nitafunga mdomo maisha yangu yote, sitamlaumu. Nilimwambia pia akikataa, sheria bado ipo, na siwezi kumwahidi kitu.

Susu Syokau alimwambia akubali. Alisema mtoto ni wa fisi, aachwe awe wa fisi, fisi hana ofisi. Kalekye alimuuliza Makau kama wale mama ambao watoto wao wako kwenye Nyumba za Malezi wanajua habari hii ya hasira. Makau alisema hawajui. Aliuliza kama kuna namna watajua ikiwa yeye atanyamaza. Makau alitikisa kichwa.

Kalekye alinyoosha mikono, akamchukua Mbiti kutoka mapajani mwa Susu, mbele ya watu wote, mchana kweupe. Susu aliziba mdomo kwa leso. Msichana alikuwa anatetemeka mpaka meno, lakini alimwekea mtoto titi mdomoni, na mtoto akashika.

"Andika," alimwambia Makau.

"Niandike nini, mama?"

"Andika huyu hakuokotwa. Nilimzaa mimi, Kalekye Mutinda. Anaitwa Mbiti na ni mtoto wangu. Halafu juu yake andika Mutheu, na andika Kioko, kwa sababu hao pia nilikuwa mama yao, na mlisema sikuwa."

Makau aliandika. Aliandika polepole, majina yote matatu, na kumuuliza herufi za jina la Kioko. Kisha akatuambia, kwa sauti ya mtu anayesoma asichokipenda, kwamba sasa ameshaandika na hawezi kufuta, na kwamba sheria inamtaka arudi jioni na watu wa Nyumba ya Malezi.

"Rudi nao," nilimwambia. "Nami nitakuwa nimeshawapigia wauguzi wa hospitali zote nne za Daktari Wavinya, na daktari mwenyewe, nikawaeleza hasira inavyofungua vali. Wakitaka kujaribu wajaribu. Wana hasira ya kutosha."

Alivaa kofia akatoka. Nilipiga simu zote nilizosema nitapiga. Mama wa mapacha alikuwa ameshaanza kuwapigia wa kwao, na mwingine naye, mpaka wodi ikawa na kelele kama siku ya soko. Kalekye hakupiga simu yoyote. Alikuwa ananyonyesha.

Nilipomaliza nilichukua kiti cha zamu nikakivuta hadi mlangoni, nikakaa, uso ukiwa kwenye korido. Wodi hii ina mlango mmoja tu. Baada ya muda Susu Syokau alikuja akasimama karibu yangu, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniambia nisogee, kiti kinatosha wawili.